Mifupa Iliyorudi Kazini

Jumamosi asubuhi wanachama wa Chama cha Historia cha Garsgill walikuwa jikoni mwa ukumbi wa kijiji, wakisugua mifupa kwa miswaki iliyochakaa. Ndio utaratibu wao kwa kila kinachotoka ardhini. Kiwe kigae, kiwe kiko cha udongo au msumari, huoshwa kwenye beseni la vyombo, huanikwa juu ya magazeti, na kikikauka huandikwa namba kwa wino mweusi. Hilda Sunter, aliyewapikia watoto wa shule ya kijiji mpaka shule yenyewe ikafungwa, alikuwa na mfupa wa paja mkononi, mfupi kuliko mwiko wake wa uji. Ulikuwa umepinda.

"Matege," alisema Clifford Whitwell, katibu wa chama, huku akipaka jamu kwenye skonzi. "Hawakuliona jua hawa, maskini. Hebu nipe siagi, Bi Hilda."

Hilda akampa siagi. Makombo ya skonzi yalikuwa yakidondokea kwenye trei ya mbavu.

Mifupa hiyo ilitoka nyuma ya kiwanda cha zamani cha pamba, walikokwenda kutafuta msingi wa zizi la kondoo. Zizi hawakuliona. Waliwaona watoto, wamepangwa ubavu kwa ubavu kama kuni, bila jeneza wala jiwe. Kila mtu Garsgill alijua ni akina nani, ila hapakuwa na desturi ya kuwataja. Enzi za pamba, mzee Ellershaw mwenye kiwanda alikuwa akiletewa yatima kutoka nyumba za maskini za London, wanashushwa kwenye magari ya farasi, wanapewa uji na mahali pa kulala, nao wanafungwa kwa mkataba kumtumikia mpaka wafike umri wa utu uzima. Waliofika walikwenda zao. Wasiofika walitupwa nyuma ya ukuta, na nyasi zikaota, na kondoo wakala nyasi, na watu wakala kondoo.

Kosa la chama lilitokana na hali ya hewa. Ilikuwa Februari, unyevu mtupu, mifupa haikauki. Clifford akazisogeza trei zote kwenye mabomba ya kupashia ukumbi joto, akafungulia joto mpaka mwisho, wakati huohuo Hilda ana mikate kwenye tanuri kwa ajili ya chakula cha kanisani. Watoto wale walikufa kwa baridi na njaa. Joto na harufu ya mkate viliwatosha. Kufikia chai ya saa kumi walikuwa wameinuka, wana nyama mwilini na nguo zao za kiwandani, wamejipanga mstari, mdogo mbele. Kila mmoja alikuwa na namba ya wino kwenye paji la uso, kwa sababu mifupa ilipokauka tu Clifford alikuwa ameshaiandika, naye hupenda kuandika kwenye fuvu, mahali palipo laini.

"Vikombe havitatosha," alisema Muriel Capstick, mwenyekiti.

Msichana wa mbele, mdomo wazi kwa kukosa pumzi, alimtazama Hilda. "Kazi iko wapi, mama?"

"Hakuna kazi, mwanangu. Kaa ule."

"Nikikaa nitapigwa."

"Akupige nani?"

Msichana alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyeuliza upuuzi. Akachukua ufagio akaanza kufagia chini ya meza, na Muriel akainua miguu ili asimzuie.

Jumatatu Rupert Ellershaw alishuka kutoka nyumba kubwa ya mlimani. Kiwanda sasa ni makumbusho, na makumbusho ni yake. Ni mtu mpole, mcheshi, huvaa sweta lenye viraka viwikoni na huwasalimia mbwa kwa majina. Alipita mbele ya mstari, akaminya mkono wa mvulana mmoja kwa vidole viwili kama anayechagua kondoo mnadani.

"Hawa ni wetu," alisema kwa furaha. "Hawajamaliza muda wao, mnajua."

Clifford aliafiki kwamba, kisheria, kifo hakikutajwa kwenye mikataba ya zamani. Ptuu! Mtu kasoma miaka yote hiyo, na hilo ndilo lililomtoka mdomoni.

Kiwandani kulikuwa na mashine ya kusokotea nyuzi iliyokarabatiwa vizuri, ila kwa muda mrefu haikuweza kuonyeshwa ikifanya kazi sawasawa, maana chini yake panahitaji kiumbe mdogo wa kutambaa na kuokota vumbi la pamba huku mitambo inakwenda. Sasa ikaweza. Mkaguzi wa usalama alikuja kutoka mjini, akatazama, akasema sheria inamlinda mtoto aliye hai, akanywa chai, akaondoka. Mabasi ya watalii yakaanza kufika kutoka Leeds na Bradford. Duka la keki likaongeza meza, baa ikapakwa rangi mpya, na ukumbi wa kijiji, uliokuwa ukivuja tangu zamani, ukaezekwa upya kwa hisani ya Bwana Ellershaw. Kufa kufaana, Waswahili wamesema, lakini hata wao hawakufikiria kufaana kwa namna hii. Siku moja mashine ilimkata kidole yule msichana wa mbele. Alikiokota, akakitia mfukoni mwa aproni, akaendelea kutambaa. Watalii walipiga makofi.

Jioni ile Hilda alimchukua kwake bila kumwomba mtu ruhusa. Alimwogesha, akamsugua paji kwa sabuni na magadi mpaka namba ikatoka yote, akampa uji wenye asali na kumlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Alimuuliza jina. Msichana alifikiri sana, kisha akasema, kwa wasiwasi, kwamba huenda ni Kezia.

Asubuhi Hilda alimkuta mezani, kashika kalamu ya wino, anajitazama mgongoni mwa kijiko na kuiandika upya ile namba, polepole, asikosee.

"Wewe, acha hiyo!"

"Bila namba sipewi mkate."

"Mkate nitakupa mimi."

"Na wewe ukifa?" Kezia aliuliza.

Hilda ana zaidi ya miaka sabini na moyo unaomsumbua akipanda ngazi. Mtoto alimaliza kuandika, akafuta kijiko, akaenda kazini.

Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, lilipofika lile fungu la mengineyo, Hilda alisimama. Alisema watoto wale wazikwe kanisani, kila mmoja na jina lake, na milango ya kiwanda ifungwe ili walale.

"Una huruma, kipenzi, sote tunajua," alisema Muriel. "Lakini hilo paa juu ya kichwa chako kaliezeka nani?"

"Na kwa upande wa elimu," Clifford alidakia, "historia hai kama hii huipati popote."

"Mimi simlazimishi mtu," alisema Rupert kwa upole. Akamwita Kezia, aliyekuwa akigawa vikombe vya chai. "Binti, unaipenda kazi yako?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi jamani, mmesikia wenyewe."

Mikono ikainuliwa kumpinga Hilda, mikono aliyoilisha tangu ikiwa midogo, mmoja baada ya mwingine. Aliitazama yote. Kisha akaenda kwenye sinki la jikoni, akatapika.

"Ni hizo skonzi," alisema Muriel. "Zina mafuta mengi."

Rupert alihitaji mtu wa kupiga kengele ya alfajiri na kuwashusha watoto kutoka dari ya kiwanda wanakolala. Alimpa kazi hiyo Trevor Iveson, mchunga kondoo. Siku ya kwanza Trevor aliwapigia mluzi, na kumchokoa mbavuni kwa ncha ya fimbo mvulana aliyechelewa kufunga kiatu. Hilda aliona kila kitu kutoka ng'ambo ya ukuta. Mchana alikwenda nyumba kubwa, akasimama mlangoni bila kuvua koti, akasema kengele atapiga yeye.

"Nilijua utakubali," Rupert alimwambia. "Una mkono wa watoto wewe."

Alfajiri iliyofuata kulikuwa na jalidi, umande ulioganda kwa baridi, kwenye uwanja wa kiwanda, na juu darini alisikia vikohozi vidogo vya watu waliolala. Aliishika kamba kwa kinyaa, kama anayeshika mkia wa panya. Akangoja. Mwanga ukatoka nyuma ya mlima, akangoja. Alipoona taa za ofisi zinawaka ndipo akavuta.

Walishuka mbio, Kezia mbele, uso umemjaa usingizi na hofu.

"Leo umechelewa, mama," alisema. "Sasa tutapunguziwa mkate."

Kesho yake Hilda alipiga kengele kwa wakati.