Picha ya Marlys

Ni miaka arobaini na ushee tangu dada yangu Marlys auawe hapa Minnesota, na polisi hawajamkamata mtu. Sasa Mungu katuletea Blythe, mwandishi anayejiita mpelelezi, pamoja na watu wa kamera waliosogeza kochi langu bila hata kuniuliza, eti wapate mwanga mzuri.

"Noreen mpenzi, rudia pale polisi walipokupigia simu," akaniambia. "Safari hii ulie kidogo."

"Machozi hayana swichi, mama."

Basi akalia yeye. Alilia vizuri, akapangusa jicho moja tu, lile la upande wa kamera. Halafu akatoa picha aliyoikata kwenye kitabu cha picha za shule yetu, akaikumbatia kifuani.

"Hii inakaa juu ya meza yangu ya kuandikia. Kila asubuhi Marlys ananitazama, ananiambia nisikate tamaa. Namjua kuliko ninavyojijua mwenyewe."

Nikavaa miwani. Sweta lilikuwa la Marlys kweli, lile lililokatika kifungo. Lakini siku ya kupigwa picha shuleni, mdogo alivalishwa nguo za mkubwa. Mtaa mzima ulikuwa hivyo.

"Huyo ni mimi," nikamwambia. "Cha Marlys hapo ni sweta tu. Mimi niko hai, nimekupikia kahawa, na sijawahi kukuambia lolote asubuhi."

Akaitazama picha, akanitazama mimi. Nikadhani sasa ataona haya.

Akamgeukia mpiga kamera.

"Umeinasa hiyo?"