Ndege Zisizo na Pa Kutua

Asubuhi ile bahari ilikuwa nyeupe. Si ya buluu, si ya kijani. Nyeupe tu, kama pumzi kwenye kioo, na mwanga ulipita juu yake taratibu kama mtu asiyetaka kuamsha watoto.

Juu ya weupe huo zilielea meli nne kubwa, meli za kubeba ndege, kila moja na sitaha yake ndefu ya mbao. Ndege ziliruka kutoka hapo, na ndege zilirudi hapo hapo. Ulikuwa mwezi wa Juni, vita vimeshika moto, na Japani ilikuwa mbali sana nyuma yao. Kwenye sitaha ya meli mojawapo alisimama Tokuji, shingo kaipinda upande, anasikiliza.

Alisikiliza injini. Angani zilinguruma nyingi, lakini yeye alikuwa fundi wa ndege moja tu, na ndege hiyo aliijua kwa sauti, vile mama anavyojua kikohozi cha mwanawe hata kanisa zima likohoe.

Ikaja. Ikashusha magurudumu, ikashusha ndoano yake ya mkiani, ikaunasa waya uliotandazwa sitahani, ikasimama ikitetemeka. Kuramoto, rubani wake, akafunua kioo akacheka. Kuramoto alitoka kaskazini, kwenye theluji ya kufika kiunoni. Tokuji alitoka kwenye vilima vya michungwa, na alimzidi miaka kumi.

"Wenzako wakitoka wanaleta samaki," Tokuji alisema, akipapasa bawa. "Wewe unaniletea matundu."

"Madogo tu, fundi. Ya kupitisha upepo."

"Kula. Usiongee."

Kuramoto akala tonge la wali lenye plamu ya chumvi ndani, bila kushuka, mashavu yamejaa, huku Tokuji akimfutia kioo, akijaza petroli, akijaza risasi. Adui alikuwa akija tangu alfajiri, kundi baada ya kundi, na kazi ya Kuramoto ilikuwa kuwazuia wasiifikie meli. Aliruka, alishuka, alikula, aliruka tena.

"Naenda narudi, fundi."

"Nenda urudi."

Hivyo ndivyo mtu wa kwao anavyoaga, hata akienda kununua tofu, ile jibini ya soya, hapo kona. Naenda narudi. Na aliyebaki huitikia, nenda urudi, na akishaitikia basi kafunga uzi mguuni mwa yule anayekwenda.

Tokuji akateremka kuchukua mikanda ya risasi. Chini ya sitaha kulikuwa na ukumbi mrefu wa ndege, wenye joto la tanuri, na humo watu walikuwa uchi hadi kiunoni, wanang'aa jasho. Mwanzo waliambiwa wazifunge ndege topido, yale makombora marefu yanayoogelea, kwa ajili ya kupiga meli. Halafu wakaambiwa toeni, fungeni mabomu, tunapiga kisiwa cha adui. Halafu meli za adui zikaonekana, wakaambiwa toeni mabomu, rudisheni topido, upesi, upesi!

Na kwa sababu ya upesi huo, mabomu hayakurudishwa ghalani. Yalilazwa ukutani, moja kando ya lingine.

"Haya mtayashusha saa ngapi?" Tokuji aliuliza.

Hamaguchi, mpakia mabomu, mtu mnene mwenye mzaha, akaweka kidole mdomoni. "Shh. Yamelala. Ukiyaamsha utayabembeleza mwenyewe."

Wakacheka. Kwa nini wasicheke? Tangu vita vianze walikuwa wanashinda tu. Kushinda kulikuwa kumewaingia mwilini kama usingizi wa mchana, mtamu, mzito, wa kumfanya mtu asahau kufunga mlango.

Aliporudi juu, watu wote walikuwa pembeni mwa sitaha wanapiga makofi. Ndege za adui zilikuja chini kabisa, zikigusa maji karibu, nzitonzito, na walinzi wote waliziteremkia. Wote. Kuramoto pia. Zilianguka moja moja, zikainua maua meupe ya maji, na kila ua lilipofunguka watu walishangilia.

Tokuji hakujua kwa nini aliinua kichwa. Huko juu hapakuwa na mtu. Mbingu ilikuwa tupu na nzuri, na mawingu yake machache yalikuwa yamekaa tu.

Ndipo mbegu nyeusi zikadondoka kutoka kwenye jua.

Zilikuwa ndege nyingine za adui, zinashuka wima. Zilipiga kelele moja ndefu, nyembamba, na kabla kelele haijaisha sitaha iliinuka kama shuka linalokung'utwa. Bomu moja lilitoboa mbao likaingia ukumbini. Na kule chini, yale yaliyolala yakaamka.

Tokuji alijikuta amelala kifudifudi karibu na mwisho wa meli, masikio yake yakiimba wimbo usio na maneno. Katikati ya sitaha palikuwa na shimo linalotapika moto. Watu walipita wakikimbia na hakusikia miguu yao. Upande wa huku meli ya pili iliwaka. Upande wa kule, ya tatu. Moshi uliegemea pembeni, mweusi, umetulia, kama una siku nzima.

Halafu, ndani ya wimbo wa masikio yake, akasikia injini. Ile yake.

Kuramoto alikuwa anarudi. Magurudumu chini. Ndoano chini. Kutoka nyuma, moshi ukiwa umelala upande, kipande cha sitaha kilionekana kizima, na mtu anayeishiwa petroli hachagui sana. Alikuwa anarudi kwao.

Bendera nyekundu ya kumkataza ilikuwa imeungua. Redio ya ndege haikuwahi kufanya kazi. Tokuji akavua shati akalipunga. Ndege ikazidi kuja. Akapunga mikono, kulia, kushoto. Ikazidi kuja, ndogo, nadhifu, mtiifu, kama alivyoizoesha.

Mbali, chini ya wingu, meli ya nne ilikuwa bado nzima.

Basi Tokuji akafanya asichowahi kufanya. Akaenda akasimama katikati ya njia ya kutua, akatanua mikono. Ukitaka kutua, tua juu yangu.

"Toka!" alipiga kelele, na sauti yake mwenyewe hakuisikia. "Nenda kule, mjinga we! Mla wali wa bure! Hapa si kwenu! Hapa si kwenu tena, nimesema!"

Ndege ikaja mpaka akaona uso. Akaona mdomo wazi. Halafu injini ikanguruma, pua ikainuka, na ndoano ikapita juu ya nywele zake kama kitana.

Kuramoto akazunguka mara moja. Akatikisa mabawa. Akaelekea kwenye lile wingu.

Tokuji alilia hapo hapo, amesimama, moto mgongoni. Miaka yote kazi yake ilikuwa kumpokea mtu mmoja, na leo kamfukuza kama mbwa. Kisha mtu akamshika mkono wakaruka pamoja baharini.

Manowari ndogo iliwaokota. Walimfunga vitambaa mikononi, palipoungua na kuchanika, wakampa maji, na yeye akakaa ukingoni anatazama upande mmoja tu. Jioni jioni, chini ya lile wingu, moshi wa nne ukapanda.

Baharini hapakuwa na sitaha tena, hata moja. Na ndege zilizokuwa zimejaziwa petroli kwenye ile ya nne na kuruka tena zikaanza kuzunguka, zikazunguka, kama nyuki waliochomewa mzinga.

Moja ikazima injini ikaketi juu ya maji. Mabaharia wakatupa kamba, wakamvuta mtu. Tokuji akamtazama: si yeye. Ikashuka ya pili. Si yeye. Ya tatu ikaingia pua kwanza, na hakutoka mtu.

Ya nne ilishuka kimya kabisa, mkia ukitangulia, polepole, kana kwamba bahari ni mbao.

Tokuji alishika kamba kwa vitambaa vyake vyenye damu. Mabaharia waliposema mwachie mwenye mikono mizima, hakuachia.

Kuramoto alitua miguuni pake, amelowa, meno yanagongana. "Umenitukana," alisema. "Nimeona mdomo wako."

"Nimekutukana."

"Sana?"

"Sana."

Tokuji, kwa sababu hakujua kuuliza kingine, akauliza, "Injini ilikuwaje?"

Kuramoto akafikiri. "Haikukohoa hata mara moja. Petroli ilipoisha ikanyamaza tu. Kama mtu aliyemaliza kuongea."

Fundi akaitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili, na akashindwa kuacha kuitikia.

Bahari ilikuwa imegeuka nyekundu, kisha zambarau. Juu yake ile ndege ilielea bado kidogo, mabawa yamejaa mwanga, haina haraka. Maji yakapanda yakaufikia mwanga huo, yakauchukua wote, na yakajifunga juu yake bila alama.