Kifaa cha Sita

Mimi si mwanamke wa kupekua simu ya mume. Nasema mapema kwa sababu hapa Rwamgasa maneno yamezunguka kwamba nilimtega Mabula kwa mtandao. Sikumtega. Nilitaka intaneti isiyokatika, basi.

Nina stationari kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Watu wanakuja kuomba mikopo ya chuo, kuchapa barua, kufuatilia vyeti vya kuzaliwa, na kile kiruta kidogo cha laini ya simu tulichokuwa nacho kilikuwa kinaniaibisha mbele yao. Fomu ikifika ukurasa wa mwisho, kinazima. Ndiyo maana Jumamosi ile nikamwita fundi Martina kutoka Kalangalala, mjini Geita. Watoto walikuwa kwenye mafundisho ya komunyo. Mabula, mume wangu, ambaye anauza spea za karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, alikuwa ameniaga tangu Jumatatu kwamba anakwenda Kahama kufuata mzigo.

Martina alifika saa mbili na nusu, bunda la waya begani.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Tuanze kazi kwanza."

Nikampenda hapo hapo. Alizunguka nyumba nzima akigonga kuta kwa kidole, kisha akanieleza mpango wake. Kompyuta zangu mbili za stationari zingevutiwa waya, maana waya haubadiliki-badiliki. Boksi kubwa lingekaa mbele. Boksi la pili, la kurusha mawimbi, lingefungwa uani, ukutani mwa chumba cha Dorah mpangaji wangu, ili yeye na watoto wapate bila waya. Waya wa kuunganisha maboksi hayo mawili ungepita chumbani kwa watoto.

Alipopiga magoti chumbani humo kupitisha waya kando ya ukuta, akasimama kidogo.

"Sakafu hii imepasuka, mayu. Imezibwa juzi juzi."

"Baba Rosemary ndiye kaiziba. Anasema ni joto."

Martina aliendelea kupiga misumari ya waya, nami nikarudi kwa wateja.

Kufikia saa tano na robo kila kitu kilikuwa kimefungwa. Akakaa kwenye kompyuta yangu kuupa mtandao jina na paswedi.

"Nakuwekea jina lilelile la zamani, na paswedi ileile," alisema. "Simu zinazoijua nyumba hii zitaingia zenyewe. Hutahangaika."

Kisha akafungua orodha ya vifaa vilivyoingia, akaanza kunionyesha kama mwalimu. Kompyuta mbili. Simu yangu. Simu yake. Simu ya Dorah, ambaye alikuwa amepewa paswedi asubuhi ile na tayari alikuwa anaangalia video za vichekesho uani. Jumla vitano.

Tukiwa tunaangalia, kikaongezeka cha sita. Kiliandikwa MABULA.

"Baba amerudi," Martina akasema.

"Hajarudi. Yuko Kahama."

Palepale simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Mabula: *Mama Rosemary, Kahama mvua kubwa, mzigo haujafika. Labda Jumatatu.*

Nilisoma mara mbili. Nilipoinua macho, jina lake lilikuwa limetoka kwenye orodha.

Nikamwandikia: *Umekula?* Hakujibu. Dakika kumi zikapita, mteja mmoja akaja kutoa kopi nikampa karatasi zake bila kuzihesabu. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo. MABULA akatokea tena, na mara simu ikalia: *Nimekula wali samaki. Nawasalimia wanangu.* Kisha jina likapotea.

"Martina, hii orodha inaweza kukosea?"

Alikuwa ameshaelewa. Aliongea polepole, akitazama kibodi. "Haikosei kwa namna hiyo. Simu yake imeshika boksi la uani, siyo hili. Na mawimbi yake ni hafifu, kama mtu aliye nyuma ya ukuta mnene."

Uani kwangu kuna milango miwili tu. Mmoja ni wa Dorah. Mwingine ni wa stoo, iliyoshikana ukuta na chumba cha watoto, ambamo Mabula anahifadhi spea zake na hufunga kwa kitasa. Dorah ana miaka ishirini na sita, anauza chakula kwa watu wa karasha, na ana kiuno ambacho hata mimi nimewahi kukisifu. Unadhani niliwaza mlango upi?

Nilivuka ua bila viatu. Sikubisha hodi. Dorah alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, na mbele yake sahani mbili zimefunikwa. Nikaangalia nyuma ya pazia. Nikainama chini ya kitanda kama mpumbavu. Hapakuwa na mtu.

"Sahani ya pili ya nani?"

Akaanza kulia kabla sijamgusa. "Si hivyo unavyofikiri, Mama Rosemary. Nakuapia. Mimi nampelekea chakula tu."

"Unampelekea wapi?"

Aliingiza mkono kifuani mwa gauni akatoa ufunguo wa stoo.

Nilipousukuma mlango, haukufunguka wote. Viroba vilikuwa vimepangwa kutoka sakafuni hadi darini, pande zote, vimejaa udongo mwekundu. Spea hazikuwepo. Katikati ya chumba palikuwa na gogo limelazwa, kamba nene imefungwa juu yake, na chini ya gogo palikuwa na shimo. Joto lilitoka humo pamoja na harufu ile ya udongo mbichi na jasho ambayo kila mwanamke wa Rwamgasa anaijua.

Mungu anisamehe, nilitamani ningemkuta kwa Dorah.

Niseme kwa nini. Mdogo wangu Marcelino alifukiwa kwenye duara, shimo la dhahabu, miaka sita iliyopita. Walichukua siku tatu kumtoa. Mabula alikuwa mwenzake wa kuchimba. Alikuwa amepanda kwenda kula, ndiyo maana yupo. Siku ya mazishi alishika udongo wa kaburi mbele ya mama yangu akasema hatashuka tena maisha yake yote. Mama yangu alimwamini. Mimi nilimzalia mtoto wa pili kwa sababu ya neno lile.

Nikapiga magoti ukingoni. Chini kabisa, labda mita saba, palikuwa na mwanga wa tochi, lakini haukutoka kwenye kitako cha shimo. Ulitoka ubavuni, kwenye njia iliyochimbwa kwa mlalo. Nilihesabu kuta kichwani. Njia ile ilikwenda chini ya chumba cha wanangu.

"Mabula."

Nyundo iliyokuwa ikigonga huko chini ikanyamaza. Baada ya muda uso wake ukatokea, mweupe kwa vumbi, ukinitazama kutoka chini.

"Mama Rosemary." Akajifuta macho kwa kiganja. "Nani kakwambia?"

"Panda juu."

"Sikiliza kwanza. Mwamba upo. Nimeuona kwa macho yangu, unametameta kama sukari. Zimebaki mita mbili tu. Nipe mpaka kesho jioni, halafu nafukia kila kitu, hutaona hata alama."

"Panda juu, Mabula."

"Kuna matimba humu. Nimepanga mbao imara, si kama kule kwa Marcelino. Nimekagua mwenyewe. Ni salama, mke wangu. Naijua kazi hii."

Hilo jina la mdogo wangu alivyolitamka, kirahisi, kama jina la duka. Martina alikuwa amesimama nyuma yangu, na Dorah nyuma yake akisali kwa sauti ndogo. Saa yangu ilionyesha saa sita kasoro. Mafundisho yanaisha saa sita. Rosemary na mdogo wake hukimbia moja kwa moja chumbani kwao kuvua nguo za kanisani, na huruka juu ya kitanda hata niwagombeze mara ngapi.

"Martina, nenda kasimame getini. Watoto wasiingie ndani."

Akatoka mbio.

"Unawatisha watu bure," Mabula akasema. "Kesho jioni tu."

Hasira yangu mimi huwa inapiga kelele. Ile ya siku ile ilikuwa imetulia, na iliniogopesha. Sikulia wala sikutukana. Nilikunja sketi nikaifunga kiunoni, nikashika kamba kwa mikono miwili, nikageuka nikaning'iniza miguu shimoni.

"Unafanya nini?"

"Kama ni salama, nashuka unionyeshe huo mwamba."

"Hapana. Rudi."

Nikatafuta kwa unyayo vile vishimo vya kukanyagia alivyovichonga ukutani. Nikapata cha kwanza. Udongo ukamenyeka chini ya kidole changu ukaanguka, nikausikia ukitua mbali.

"Evelina." Hajaniita jina langu tangu Rosemary azaliwe. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Evelina, usishuke. Nakuomba. Huku ndani kumeachia. Tangu jana usiku kunadondoka, mbao mbili zimevunjika. Ukitikisa tu kutakuja kote."

Nilibaki nimening'inia hapo, shavu langu limegusa ukuta wa shimo.

"Tangu jana usiku?"

Nikageuza uso kumtazama chini.

"Jana usiku wanangu walilala wapi, Mabula?"

Nilisikia anavyopumua, kisha kamba ikakaza mikononi mwangu, akaanza kupanda.