Namba Katikati ya Lenzi

Sanduku lilifika shuleni kwetu Kabuku Jumatatu asubuhi, na kabla ya saa nne lilikuwa limeshafungiwa stoo.

Naeleza jambo hili kwa uchungu unaostahili, kwa sababu sisi kidato cha nne tulilisubiri sana. Mwalimu wetu wa fizikia, Madamu Grasiana, alikuwa amehudhuria semina kwenye makumbusho ya sayansi kule Korogwe. Siku mbili nzima walimu walikaa kama wanafunzi, wakaunganisha waya, wakaungua vidole, kisha wakaambiwa kuwa shule itakayotaka itaazimwa sanduku la vifaa kwa wiki mbili. Ndani mna lenzi kumi na mbili, sumaku, waya, taa ndogondogo, na kadi zinazomwelekeza mwalimu aanzie wapi. Baada ya hapo linakwenda shule nyingine. Hili letu lilikuwa linangojewa Dindira. Shule ikilirudisha pamoja na fomu zilizojazwa na wanafunzi wenyewe, inabaki kwenye orodha na kupata sanduku kila muhula. Ikilirudisha bila kulitumia, inatolewa.

Madamu alitueleza habari ya orodha mara tatu. Alikuwa amefundisha lenzi kwa miaka sita kwa kuichora ubaoni. Waliotutangulia waliishika kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani wa vitendo, na mmoja wao akaibana jichoni akamtazama msimamizi. Matokeo yao Madamu aliyabandika ukutani ofisini kwake, na hajayabandua mpaka leo.

Aliyesimama kati yetu na sanduku ni Mzee Hiza, mtunza stoo. Kwake yeye, kitu chochote kilichopita getini hakiguswi mpaka kiandikwe namba kwa rangi ya mafuta. Sahani zina namba. Majembe yana namba. Mbuzi wa shule ana namba kwenye pembe, na alipozaa, Mzee Hiza alisononeka wiki nzima kwa sababu mtoto hakuwa na pembe. Madamu alimweleza kwamba sanduku ni la kuazima. Mzee akamsikiliza kwa adabu zote, akajibu kuwa la kuazima ndilo hasa linalohitaji namba, maana likipotea tutaulizwa. Ila rangi imekwisha, na ameshaagiza Korogwe. Mkuu wa shule alikuwa kikaoni Handeni mjini. Makamu wake akasema mambo ya stoo aulizwe Mzee Hiza.

Wiki ya kwanza ikaishia hapo. Kila kipindi Madamu alichora lenzi ubaoni, akachora mishale mitatu ya mwanga, na kila alipomaliza aligeuka kutazama upande wa stoo. Jumanne ya wiki ya pili chaki ilimkatikia mkononi. Akaitazama, akaitia mfukoni, akatuambia tujisomee.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, Rehani, nikiwa na nia njema, jambo ambalo pale shuleni sijawahi kuaminiwa nalo. Bwenini tulikuwa na kopo la rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka magoli. Mimi na rafiki yangu Kaleb tulikuwa tumelihifadhi kwa shughuli nyingine ambayo haihusiani na habari hii. Nikalibeba mpaka stoo, nikamwamkia mzee, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Umeitoa wapi?" akauliza.

"Ilibaki ya magoli, mzee. Nimeona niisaidie shule."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa kuku na mwizi wa kuku. "We Rehani, siku utakayoisaidia shule hii mimi nitastaafu." Lakini kopo akalipokea.

Jumatano tulikatazwa kusogelea stoo, rangi inakauka. Alhamisi, siku moja kabla ya gari la makumbusho kuja, Mzee Hiza alilileta sanduku maabara kwa mikono yake, akalifungua, akasimama pembeni kama baba wa bibi harusi.

Kila lenzi ilikuwa na namba nyekundu. Zilikuwa nono, zimenyooka, na zimekaa katikati kabisa ya kioo.

Madamu aliinua ya kwanza, akaiweka. Akainua ya pili. Alizikagua zote mpaka ya kumi na mbili, nadhani kwa matumaini kwamba ya mwisho ilisahaulika.

"Mzee," akasema, "kwa nini katikati?"

"Pembeni pamebana, mwalimu. Hapo katikati ndipo inapoonekana."

"Hapo katikati ndipo tunapotazamia."

"Basi si ndiyo vizuri. Kila ukitazama utaiona."

Kaleb alicheka mpaka akatolewa nje. Madamu akauliza rangi imetoka wapi wakati ya Korogwe haijafika, na Mzee Hiza, ambaye hajui kudanganya hata kwa hisani, akaninyooshea kidole. Nilianza kujitetea. Madamu hakunifokea; angenifokea ingekuwa nafuu.

"Rehani, ungeniwekea tu chura kwenye droo kama kawaida yako, ningekushukuru."

Nikapendekeza wembe na mafuta ya taa. Akakataa, kioo kitachubuka na si chetu. Akaketi kwenye stuli, akatazama saa. Hicho kilikuwa kipindi chetu cha mwisho na lile sanduku.

"Zichukueni hivyohivyo," akasema. "Na Kaleb arudi."

Kadi ilisema shika lenzi kati ya dirisha na karatasi nyeupe, sogeza mpaka picha ya vitu vya nje itokee. Meza yetu ilipata namba saba. Kaleb alitabiri kuwa saba itatokea kwenye karatasi, tena kichwa chini. Yusra, ambaye huwa wa kwanza darasani na hapendi tusahau, alisema patakuwa na tundu jeusi katikati ya picha. Akatuchorea mishale mitatu kuthibitisha, na mmoja uligonga rangi ukafia hapo.

Nikasogeza lenzi. Kwenye karatasi ukatokea mlingoti wa bendera, umepinduka. Likatokea bati la bwalo, na mbele ya bwalo akatokea Mzee Hiza, aliyekuwa ametoka nje akisubiri kushukuriwa. Alikuwa mzima, kichwa chini, mikono nyuma. Hapakuwa na saba wala tundu.

"Haiwezekani," Yusra akasema, akaninyang'anya lenzi. Akaziba nusu yake kwa kidole gumba. Mzee Hiza akafifia, lakini hakupungua kiungo. Akaziba zaidi, mpaka kikabaki kipande cha kioo cha ukubwa wa ukucha. Mzee alibaki kama kivuli, na bado alikuwa na miguu yote miwili.

"Kumbe kila kipande kinachora picha nzima," Kaleb akasema, kisha akaona aibu kwa kusema kitu cha maana.

Madamu alikuja mezani kwetu. Alirudia mwenyewe mara tatu, akiziba huku, akiziba kule.

"Miaka sita nawachorea mishale mitatu," akasema taratibu. "Mkadhani iko mitatu tu."

Kengele ya chakula ililia, hakuna aliyetoka. Fomu tulizijaza tukiwa tumesimama.

Ijumaa akaja Fausta, mwezeshaji wa makumbusho. Alifungua sanduku, akalifunga, akalifungua tena. Akasema masanduku yamewahi kurudi na sisimizi, yamewahi kurudi na mahindi, ila jambo hili ni geni.

"Dindira wanaanza Jumatatu, mwalimu. Nawapelekea nini?"

Madamu hakujitetea. Alimpa fomu. Kuna swali linalouliza nini hakikwenda kama ulivyotarajia, na sote arobaini na mmoja tulikuwa tumejaza mpaka nyuma ya karatasi. Fausta alisoma tano, akaacha, akaenda na lenzi namba saba dirishani. Alikaa huko muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu anayekagua uharibifu.

"Kumi na moja nitazisafisha Korogwe, dawa tunayo," akasema. "Hii inakwenda na namba yake. Lakini haina kadi, Dindira watadhani ni uchafu." Akatoa kadi tupu. "Andika. Dereva atasubiri."

"Na orodha?" Madamu akauliza.

"Kadi zinaandikwa na walimu wa shule zilizomo kwenye orodha."

Madamu akaketi. Tukamzunguka. Yusra alitaka kadi ianze na mishale, Kaleb alitaka utabiri wake usitajwe, na Mzee Hiza alitaka ijulikane kuwa mwandiko wa ile namba ni wake. Madamu aliandika mstari, akaukata, akaandika mwingine, akaukata nao, kisha bila kuinua kichwa akatuambia tutoke sote, Mzee Hiza pia, tunamziba mwanga.