Kamba ya Kalumba

Kutoka shimo la madini la Musonoi mume wangu alitolewa upesi. Udongo ulimwangukia asubuhi, na mchana wenzake walikuwa wamemleta nyumbani Kapata, amekufa. Kutoka sebuleni kwenda kaburini ndiyo ikawa kazi.

Chifu Kisimba, mwenye ardhi yetu, ni Mprotestanti. Mwaka huu aliamua kwamba yeye ni mkuu wa udongo na wa sala pia, akatunga utaratibu mmoja wa mazishi kwa wote. Mchungaji wake anavaa kanzu nyeupe, anasoma kitabu, anafanya ishara ya msalaba juu ya jeneza, basi. Rozari hakuna. Maji ya baraka hakuna. Na mhubiri yeyote asifungue kinywa bila ruhusa ya chifu. Ukikataa, walinzi wa makaburi hawatakuruhusu kuchimba. Nadhani alitaka kuwapendeza watu wote, na wote aliwaudhi.

Wifi yangu Mbuyu, Mkatoliki kama marehemu, aliketi upande wa kichwa cha jeneza na rozari yake.

"Kaka yangu alibatizwa na padiri," alisema. "Ule mutu wa kanzu ni padiri wa nani?"

Upande wa miguu aliketi kaka yangu Ntambwe, mchungaji wa kanisa dogo la walokole ambalo hata msalaba ukutani halina. Yeye aliona kanzu ile ni Roma tupu.

"Mama Mbuyu, tusikubali."

"Hata kidogo, Tata Ntambwe."

Hawa wawili hawakuwa wamesemeshana tangu arusi yetu. Sasa walikuwa wanamega bukari, ugali wetu, katika sahani moja. Ningecheka, lakini sikuwa na kitu ndani cha kuchekea. Watu waliniambia pole, nikasema asante. Nilibadilisha barafu chini ya jeneza, nikafuta maji, nikaleta barafu nyingine. Nilitaka jambo moja tu: Kalumba azikwe kabla hajaanza kunuka. Alikuwa mtu asiyegusa chakula bila kuoga kwanza.

Siku ilifika barafu ikashindwa. Niliwaambia.

"Leo leo tunaenda kwa chef!" alisema Ntambwe, akasimama.

Wakaenda wote, Wakatoliki na wimbo wao, walokole na wao. Hata walinzi wa makaburi waliwafuata kwenda kutazama ugomvi.

Nyumbani walibaki Stany na wachimbaji wenzake, waliokuwa wakishuka shimoni na mume wangu.

"Mama Bilonda," Stany alisema, "kule makaburi hakuna mutu sasa. Tuende?"

Nikasema twende.

Walichimba kama wanavyochimba kazini, wakiukandamiza ukuta kwa kiganja kabla ya kuuamini. Walimteremsha kwa kamba zao zilezile za shimoni, na mimi nikashika moja. Jeneza lilipotua, Stany aliinama akaita, kwa mazoea tu:

"Kalumba! Umefika?"

Shimoni, aliye chini hujibu kwa kuvuta kamba. Asipovuta, walio juu hawatupi chochote. Wote tulijua amekufa. Lakini tulisimama tumeshika kamba, na hakuna aliyethubutu kutupa udongo. Tulingoja. Mwishowe niliivuta kamba niliyoishika, mara moja, kwa nguvu. Stany aliitikia kwa kichwa, wakaanza kufukia.

Jioni wale wengine walirudi wakiimba. Chifu alikuwa amelegea: kila familia izike na sala zake. Mlangoni walikuwa wameshaanza kubishana, rozari itangulie au mahubiri. Kisha wakaona sebule tupu, na maji ya barafu sakafuni.

"Bilonda, kaka yangu iko wapi?" Mbuyu aliuliza.

"Amezikwa."

"Na kanzu?" Ntambwe alishtuka. "Umemupeleka kwa bale ba kanzu?"

"Hapana."

"Sasa nani alimuombea?"

"Hakuna. Stany alimwita, tukangoja ajibu."

Walinitazama, wote wawili, uso mmoja. Mbuyu aliuliza polepole, karibu kwa kunong'ona:

"Akajibu?"

"Hakujibu. Nilimjibia mimi."

Hapo ndipo viganja vilipoanza kuniuma, mahali kamba ilipopita, na nikalia.