Gari la Fundi Kesho

Binti wa Fundi Kesho alikuwa akisoma mafaili ya serikali iliyoangushwa, na kazi hiyo ilimnyima usingizi. Wapiganaji walipoliteka jengo la usalama walikuta makabati yamefurika, wakayamwaga yote kwenye magunia na kuyaleta katika ukumbi wa shule. Serikali ile ilikuwa ikiapa redioni kwamba magaidi haiwajui hata kwa sura. Kumbe ilikuwa ikiwalaza, ikiwalisha na kuwachagulia pa kulipua, kisha lawama zote inawatupia wapinzani wake.

Sasa baba yake aliwahi kuwa fundi wa magari katika karakana ya jengo hilohilo. Kila alipofungua faili, alitafuta kwanza jina la mzee. Alimpenda baba yake, na hakujua angeupeleka wapi upendo huo siku jina likitokea.

Likatokea. Mkuu wa karakana alikuwa amewaandikia wakubwa zake: "Gari lililotengenezewa sakafu ya siri limegoma tena kuwaka. Wageni wamechoka kungoja, wameondoka. Ile kazi ya kituo kikuu cha mabasi imefutwa. Fundi amepigwa na kufukuzwa kwa uzembe." Na fundi mwenyewe ametajwa kwa majina yake yote matatu: ni baba yake.

Chai ikapoa mbele ya binti. Jina la Fundi Kesho lilianzia hapohapo, kwa mtu aliyeahidi kila siku kwamba litawaka kesho, akashindwa kuwasha gari moja la serikali. Mtaani walimletea baiskeli tu. Nyumbani redio ilikuwa imekufa zamani na mama alikataa katakata aiguse. "Huyu ataizika kabisa," alikuwa akisema, na wote wanacheka, binti naye akiwemo.

Jioni alimkuta baba uani akifunga mnyororo wa baiskeli. Mama alikuwa akianua nguo.

"Baba, lile gari la sakafu ya siri lilikuwa na ugonjwa gani?"

Spana ikatulia mkononi mwa mzee.

"Lilikuwa zima kama wewe," alisema. "Nilikuwa natia maji kwenye tangi la petroli. Nasafisha mbele yao, wakigeuka natia tena. Niliona walichotaka kupakia, mwanangu."

"Mama si alikuwa anakatia watu tiketi kituoni pale?"

"Alikuwepo, ila mimi nilikuwa simjui. Waliponifukuza nikaenda kituoni nipande basi nirudi kwetu, uso umevimba. Dirishani nikamkuta yeye. Akaniuliza nani kakufanya hivi. Basi lenyewe likaniacha."

Mama alikuwa amesimama na shuka mikononi. "Uliniambia ulipigwa na walevi," alisema polepole.

"Siku zile ningekwambia nini? Baadaye nikaona utani wenu mtamu, nikauacha uendelee."

Binti akachuchumaa, akaushika mkono wa baba yake uliojaa grisi. "Asante, baba," alisema. Alishukuru kwa ajili ya mama, kwa ajili yake mwenyewe aliyekuwa hajazaliwa, na kwa abiria wote waliofika makwao siku hiyo bila kujua lolote.

Mama aliingia ndani, akatoka na ile redio, akaifuta vumbi kwa kanga yake na kuiweka mapajani mwa mumewe.

"Itengeneze," alisema, machozi yakimtoka. "Hata ukimaliza kesho."