Jina Chini ya Nyayo za Ariadne

Myrtale alikuwa akimalizia kuchora mtungini unyayo wa mwisho wa Ariadne, yule binti wa hadithi aliyemwokoa Theseus kwa uzi, naye kwa shukrani akamwacha kisiwani usingizini. Siku kumi na mbili alikuwa ameuinamia mtungi huo. Ndipo Krateas, shemeji yake mwenye karakana, alipokuja kusimama nyuma yake.

"Sasa andika: Krateas alinifinyanga, Krateas alinichora."

"Kufinyanga, sawa. Brashi umeishika lini, shemeji?"

"Karakana yangu, udongo wangu. Mtungi useme umechorwa na mjane? Mtaa mzima wa wafinyanzi utanicheka."

"Ndugu yako alipokuwa hai, jina lake uliliandika."

"Yule alikuwa mwanamume. Andika, tanuri linangoja."

Akaandika. Tangu mumewe afe, miaka saba sasa, kila mtungi uliosifiwa Athene ulichorwa naye, na sifa zote akazimeza huyu asiyeweza kuchora hata sikio la mbuzi. Wizi mtupu.

Krateas alipotoka kuwaita majirani, Myrtale alichovya brashi tena. Rangi yenyewe ilikuwa tope la udongo uleule. Kabla ya kupata moto haionekani mpaka uikodolee macho. Chini ya nyayo za Ariadne akaandika upesi: "Anaongopa. Myrtale alinichora."

Krateas akauinua mtungi mbele ya majirani, kifua mbele, bila kuutazama mara ya pili. "Huu nimempa Athena, mungu wa mji wetu," akatangaza. "Ukitoka salama, naupeleka hekaluni kwake mlimani." Kisha akauingiza tanurini.

Asubuhi ya siku ya tatu tanuri likafunguliwa. Herufi zilikuwa nyeusi, zinang'aa. Jirani mmoja, Simylos, akazisoma kwa sauti, akaangua kicheko. Krateas akanyanyua fimbo auvunje mtungi.

"Vunja," Myrtale akasema. "Ni wa Athena sasa, umesema mwenyewe. Vunja mali ya mungu tukuone."

Krateas akawatazama majirani. Hakuna aliyemtetea. Fimbo ikashuka.

Asubuhi hiyohiyo akaupandisha mlimani, ameufunika kwa joho lake, Myrtale akimfuata hatua tatu nyuma. Kuhani mwanamke akalifunua joho, akasoma polepole.

"Myrtale ndiye nani?"

Krateas akageuka kumtazama Myrtale. Myrtale hakumsaidia.

"Shemeji yangu," Krateas akasema hatimaye. "Ndiye aliyechora. Yote."